Nusu Niliyoiamini

Sifa ni za Mungu Baba, aliyeniamsha leo tena nikiwa na pumzi kifuani, akaniachia macho ya kuandikia na akili ya kukumbuka. Namshukuru kwa miaka aliyonipa, hata ile ambayo sikujua kuitumia. Haya ninayotaka kuyasema alikwisha kuyajua kabla sijashika kalamu, na bado ananivumilia.

Juma lililopita mjukuu wangu alikuwa anafua nyuma ya nyumba, upepo ukaniletea harufu ya ile sabuni ya kipande, ya rangi ya kahawia, inayopikwa kwa mafuta ya mawese. Siku hizi sabuni ya unga imejaa sokoni. Sijui hiyo aliipata wapi. Nilikuwa nimekaa nasoma Neno. Nikaacha kusoma. Ningependa kuwaambia kwamba nilisikia uchungu, lakini sikusikia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: anauona kwamba ni wake, anaubinya, haumjibu. Ganzi hiyo ninayo juu ya jambo moja tangu utoto, na nimekwisha kuizoea.

Tena Jumapili ile vijana wa kanisa walikuwa wameniuliza, baada ya ibada, kama dharau kwa watu wa upande mwingine, mtu huzaliwa nayo au hufundishwa. Walitaka jibu la mzee. Niliwaambia niacheni niombe kwanza. Nimeomba. Lakini jibu nawaandikia ninyi wa rika langu, kwa sababu vijana wangenihurumia, na huruma yao siihitaji.

Nyumba yetu ilikuwa Nchelenge, mahali ambapo ukitoka jikoni, ukipita miti ya kuanikia nyavu, tayari unakanyaga maji ya ziwa Mweru. Ilikuwa nyumba ya nkambo wangu, mama yake mama. Baba yangu alikuwa ametoka mbali, kule juu kwenye mashamba ya mtama, akaja kuoa na kuvua. Ndani tulisema Kibemba. Mchangani, pale mashua ziliposhukia, na wafanyabiashara, tulisema Kiswahili cha ziwani, kile kinachomeza h, "haina" ikawa "aina". Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika.

Mama Ngosa alikuwa mwanamke wa Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, upande ambao wakati ule uliitwa Zaire. Alivuka na mashua akileta vitenge na sabuni ile ya mawese, akarudi na samaki waliokaushwa. Akingoja mashua ya kurudi, siku tatu, siku tano, alilala kwetu, katika nyumba ndogo ya kupikia, yeye na binti yake Ngosa, aliyekuwa na urefu wangu. Tulikuwa tunajua kwamba amefika kabla hatujamwona, kwa sababu ya nkambo. Nkambo alikuwa mwanamke mtulivu, mtu wa sala, anayezungumza polepole. Lakini akiliona lile gunia la Mama Ngosa linashuka kutoka kwenye mashua, alisimama mlangoni akapaza sauti kama mtu anayefukuza nyani shambani.

"Batoto, fungeni mapua! Samaki imekuya, imeozea njiani!"

"Funga kinywa, weye Mamba," Mama Ngosa alijibu kutoka mbali, gunia kichwani. "Meno ilibaki ngapi? Mbili? Utanitafuna na nini?"

"Ficheni masufuria! Huyu mwizi gunia yake aina kitako. Vitu ya Nchelenge yote inaingia, na aijai."

"Masufuria gani? Ile mulipikia bugali mwaka jana na bado amujaiosha?"

Kisha waliangukiana, wakacheka mpaka nkambo akajifuta macho na pindo la kitenge. Mama Ngosa aliingia ndani bila kukaribishwa, akachukua kikombe cha nkambo cha bati, akakitia katika gunia lake mbele ya macho yetu. Nkambo alipiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa ng'ambo! Njooni muone!" Na safari iliyofuata kikombe kilirudi, au hakikurudi, na nkambo naye alimvua Mama Ngosa kilemba kichwani akakaa nacho mwezi mzima.

Ninyi mnaojua mambo ya pale mmekwisha kuelewa. Nkambo alikuwa wa ukoo wa Mamba, na Mama Ngosa wa ukoo wa Samaki. Koo hizo ziko pande zote mbili, maana ziwa lilikuwepo kabla ya mpaka. Mamba hula samaki, basi wazee wakazifanya koo hizo kuwa za watani. Kwetu mtani anaitwa munungwe. Munungwe wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu na kukunyang'anya kitu mkononi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ukifa, yeye ndiye anayekuosha na kukuchimbia kaburi. Ni undugu mkubwa kuliko mwingine wa damu. Lakini mimi nilikuja kuelezwa haya nikiwa mkubwa. Wakati ule hakuna aliyenieleza. Watu wazima hawaelezi mambo ambayo wao pia hawakuelezwa; wanayafanya tu, na mtoto anaangalia.

Mimi niliangalia, nikaelewa kwamba watu wa ng'ambo ni wezi. Sikuelewa habari ya Mamba na Samaki. Nilidhani samaki ni biashara yake tu. Nilisikia "mwizi wa ng'ambo", nikaona kwa macho yangu kikombe kinaingia katika gunia, na nikaweka hayo mawili pamoja kama vile shuleni tulivyoweka pamoja herufi.

Na hapa ndipo mahali ninapowaomba mkae nami kidogo. Mama Ngosa naye alisema juu yetu. Alisema watu wa Nchelenge ni wavivu, wanalala juani mdomo wazi wakingoja chakula kiingie chenyewe. Alisema hatuogi. Nkambo naye alimnyang'anya vitu, nilimwona. Hayo nilicheka, nikajua ni mchezo. Sikufikiri hata siku moja kwamba nkambo ni mwizi wa vilemba. Matusi yake kwetu niliyapokea kama mchezo, na matusi yetu kwake niliyapokea kama habari. Maneno yote nilifundishwa, nusu kwa nusu, katika kicheko kilekile. Kuchagua nusu ya kuamini, hakuna aliyenifundisha. Nimemuuliza Mungu miaka mingi ni nani aliyechagua ndani yangu, na sijaona mwingine pale ila mimi.

Nilianza kuficha kikombe changu chini ya kapu kila walipokuja. Ngosa aliniona siku moja. Alicheka sana, akadhani na sisi sasa tumekuwa wakubwa wa kutaniana, akakimbia akaficha chake pia.

"Weye Mamba mudogo," aliniambia, "yangu autaiona!"

Usiku tulilala mkeka mmoja kule jikoni kama kawaida, na nywele zake zilinukia sabuni ile.

Mwaka ule baba alikuwa amepata wavu mpya wa nailoni. Alikuwa ameungoja muda mrefu. Wavu wa zamani ulikuwa umeraruka mpaka samaki walipita kama watu wanaopita sokoni, na nyumbani tulikuwa tunakula mboga ya majani ya muhogo siku baada ya siku. Ule mpya ulianikwa kwenye miti mbele ya nyumba, na watoto tulikatazwa kuugusa. Jioni moja mvua ilikuja ghafla kutoka ziwani. Baba hakuwepo. Mama Ngosa alitoka mbio jikoni, akaushusha wavu, akaukunja kwa mikono yake yote miwili, akauingiza chini ya paa la nyumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona mikono yake imejaa wavu.

Asubuhi wavu haukuwepo chini ya paa.

Nkambo alikuwa amekwenda shambani kabla jua halijapanda. Mama Ngosa na binti yake walikuwa wameshuka mchangani na mizigo yao, kwa kuwa mashua ilitazamiwa siku ile. Baba alizunguka nyumba mara mbili. Akawaita wanaume wawili jirani. Kisha akaniita mimi, kwa sababu nilikuwa karibu.

"Nani uliona anagusa wavu?"

"Mama Ngosa."

"Ulimwona na macho?"

"Nilimwona. Aliukunja."

Mpaka hapo nilisema kweli. Baba aliinama, uso wake ukawa sawa na wangu. Hakuwa mkali. Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kusaidiwa.

"Akauweka wapi?"

Ningeweza kusema, chini ya paa. Nilikuwa nimeona. Lakini nilipotafuta ndani ya kichwa changu nilikuta mikono, nikakuta wavu, na baada ya wavu nikakuta gunia. Lilikuwa pale, limefunguka, halina kitako.

"Katika gunia yake," nikasema.

Gunia niliongeza mimi. Lakini msidhani nilijua kwamba nasema uongo. Niliona lile gunia likimeza wavu kama ninavyoiona karatasi hii. Hata leo nikifumba macho naliona, na najua kwamba halikutokea.

Baba hakuwa wa ukoo wa Mamba. Kwake Mama Ngosa hakuwa mtani, alikuwa mwanamke wa ng'ambo aliyelala jikoni kwa mama mkwe wake. Alishuka mchangani na wale wawili. Mimi nilifuata nyuma.

Hawakumpiga. Nataka niliseme hilo kwa haki ya marehemu baba yangu. Walimwambia tu afungue mizigo. Mama Ngosa mwanzoni alicheka, akaangalia nyuma yao, akimtafuta nkambo. Alidhani ni mchezo wake na kwamba yuko mahali amejificha. "Mamba iko wapi?" aliuliza. "Ile muzee inanitumia banaume sasa?" Hakuna aliyecheka. Basi akaacha.

Wakamwaga samaki wakavu juu ya mchanga uliolowa mvua. Wakakunjua vitenge kimoja kimoja, wakavipiga upepo. Wakamwaga unga wa muhogo aliokuwa amebeba kwa chakula cha njiani, kana kwamba wavu wa mita nyingi ungeweza kujificha ndani ya unga. Wakafungua kifurushi kidogo cha nguo zake za ndani, na vijana waliokuwa wanakokota mtumbwi wakapiga miluzi. "Hawa, ndiyo tabia yao," mwanamke mmoja alisema nyuma yangu, mwanamke mwema aliyekuwa akitugawia sukari. Mwingine akaitikia, "Mimi nilikuwa nasema siku zote." Hakuwa amesema siku zote. Nilimjua.

Ngosa alikuwa amesimama na ndoo. Aliniangalia, kisha akaangalia ndani ya ndoo, kisha akaigeuza juu chini mwenyewe, kabla hawajamwambia, ili waone kwamba haina kitu.

Wavu haukuonekana. Mashua ya siku ile iliondoka bila wao, maana samaki waliolowa na mchanga hawawezi kusafiri, wanaoza. Mama Ngosa aliwaosha ziwani, akawaanika upya juu ya nyasi palepale mchangani, na hakupanda tena nyumbani kwetu. Walilala kwa mtu mwingine.

Nkambo aliporudi na kapu lake la muhogo alikuta habari imemtangulia njiani. Alimwuliza baba neno moja tu: "Mlimwaga na unga?" Baba akasema ndiyo. Kisha aliniita mimi nyuma ya nyumba. Alikaa chini. Alikuwa na udongo katika mistari ya mikono yake.

"Mjukuu, gunia uliliona?"

Sasa nilikuwa nimekwisha kuona samaki, vitenge na unga. Nilikuwa nimeona gunia tupu limelazwa ubavu, na lilikuwa na kitako kama magunia yote. Sasa nilijua.

"Niliona," nikasema.

Hakunipiga, wala hakuniuliza tena. Aliinuka akaenda kumenya muhogo. Ninyi mliofundisha watoto katika kanisa mnajua kwamba kuna uongo wa kwanza na uongo wa pili. Ule wa kwanza Bwana atausikiliza pamoja na kilio changu. Wa pili ndio ulionitia ganzi.

Siku ya tatu mjomba, mdogo wake mama, aliingia kutoka kisiwa cha Chisenga akiwa na mtumbwi mzima wa samaki, anaimba, na wavu umelowa mabegani. Aliuona chini ya paa alfajiri ile, akaona shemeji yake amelala, akaona upepo ni mzuri. "Mungenizuia kama ningeomba," alisema. Watu wakacheka, na baba naye akacheka kwa kuwa samaki walikuwa wengi. Hakuna aliyesema, basi twende tukamwambie yule mama. Jioni watu walikula wakashiba, na mimi nilikula nikashiba. Nawaambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nkambo peke yake hakula. Asubuhi alijifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukashuka mchangani. Mashua ilikuwa imefika, na wafanyabiashara walikuwa wanapakia. Njiani nkambo alikuwa anajisemesha kwa sauti ndogo, anatabasamu, anachagua. Nilielewa baada ya miaka mingi alichokuwa anafanya. Kati ya watani kosa halifutwi kwa kuomba msamaha. Ukimwomba msamaha munungwe wako, umemfanya mgeni. Kosa linafutwa kwa tusi moja zuri, yule akajibu kwa kubwa zaidi, mkacheka, likaisha. Nkambo alikuwa anatafuta tusi la kutosha.

Alianza tukiwa bado mbali, kwa sauti yake yote.

"Weye Samaki! Bado uko hapa unaoza? Nzi ya Nchelenge yote iko juu yako, inanguruma!"

Watu waligeuka. Wengine walikuwa tayari kucheka. Mama Ngosa alinyoosha mgongo, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. Kisha akapiga magoti mchangani, akashusha macho, akapiga makofi polepole, mara tatu, kama tunavyosalimia wakubwa.

"Jambo yenu, mama. Mulilala muzuri?"

Nkambo alicheka peke yake. "Sikieni! Samaki inajifanya bibi-arusi leo! Leta iyo gunia yako niione kama bado aina..."

Neno lile la gunia lilikuwa limekwisha kutoka.

"Gunia ni hii, mama," Mama Ngosa alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayeonyesha njia. "Banaume balisha kuiangalia."

Mabaharia waliita. Nkambo alisogea, akainama kidogo, na sauti yake haikuwa tena ya kusikiwa na watu.

"Nitukane, mutoto wangu. Hata mara moja tu. Meno yangu iko mbili, nitukane."

"Apana, mama. Musalimie baba ya nyumba."

Basi nkambo aliweka mkono wake begani kwangu, uzito wake wote, akateremka polepole mpaka magoti yake yakafika mchangani. Akapiga makofi mara tatu. Akamwita mama, yule mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. "Enda muzuri, mama," alisema. "Mungu akuvushe." Miaka yote niliyowajua walikuwa hawajasalimiana hivyo. Walikuwa wamepiga magoti pale, mmoja mbele ya mwenzake, kama watu waliokutana asubuhi ile kwa mara ya kwanza.

Ngosa alimwangalia mama yake, akaweka ndoo chini, akapiga magoti mbele yangu mimi, wa umri wake, akanipigia makofi. Nikayapokea. Mikono yangu sikuiinua.

Mama Ngosa aliendelea kuvuka ziwa miaka mingine mingi. Alishukia katika nyumba nyingine, karibu na ile ya kwetu. Nkambo alipofariki, waliomwosha ni wengine wa ukoo wa Samaki, watu wa hapahapa. Yeye alikuja, alikaa na wanawake mpaka mwisho wa maombolezo, na alitusalimu mmoja mmoja. Kila tulipokutana naye njiani alitusalimu vizuri sana. Mpaka mwisho hakutukosea adabu hata siku moja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde wewe na nyumba yako. Akupe watu wanaoweza kukucheka bila kukuogopa, na wewe uwacheke wao. Na kama kuna mtoto anayesikiliza mlangoni kwako, Mungu akupe nafasi ya kumwita ndani ukamweleza, mapema, angali akikuuliza. Amina.